Watu Wawili, Shanta Mbili, na Tiketi ya Kigoma

Waliofika mapema wawapishe kidogo waliochelewa, na mwenye redio aiweke katikati, ili na wale walioketi nyuma wasikie. Mwalimu wa darasa, naomba uandike ubaoni maneno manne ya leo: shanta, nauli, behewa, ratiba. Chini yake andika tarakimu hizi: 07:30. Tutazirudia baadaye.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya safari. Sisemi safari ya msiba au ya harusi, wala ile ya kwenda mjini kutafuta kazi. Nasema safari ya kuitazama nchi: marafiki wawili, kila mmoja na shanta yake mgongoni, wanatoka upande mmoja wa nchi mpaka upande wa pili. Najua yupo mmoja wenu anayejiuliza, mtu mzima mwenye watoto aache kazi zake aende kutazama nchi? Hata mimi niliulizwa hivyo nyumbani, wala sikuwa na jibu zuri. Nilisema tu kwamba nchi yetu ina zaidi ya kilomita za mraba 940,000, na mimi nimeiona kidogo sana. Mke wangu akasema, "Basi nenda ukaione, lakini urudi na dagaa."

Shanta ni mfuko wa mgongoni wenye mikanda miwili. Askari wanaufahamu tangu zamani. Watu wengi wakimwona mtu amebeba shanta barabarani hudhani hayo ni mambo ya wageni kutoka Ulaya. Lakini fikiri kidogo. Kabla ya kuja reli, njia ya kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji ilikuwa njia ya miguu, nayo ilikuwa ya wapagazi. Wanyamwezi walikuwa wakishuka Pwani wakati wa kiangazi na pembe za ndovu, kisha wakipanda tena Bara na vitambaa, shanga na nyaya. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa ratili 60 au 70, mbali na mkeka wake na chakula chake. Kutoka Pwani mpaka Ujiji ilikuwa miezi mitatu au zaidi. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia. Tena walikuwa na kawaida moja ninayoipenda: waligawanyika makundi madogo madogo, wakapika chungu kimoja na kulala pamoja. Mpagazi hakusafiri peke yake, maana akiugua peke yake porini amekwisha.

Basi mimi pia nilitafuta wa kupika naye chungu kimoja. Mwenzangu ni fundi wa kuchomelea vyuma, na tulikuwa tumefahamiana miaka kumi na mmoja. Jina lake sitalitaja. Amenipa ruhusa nisimulie habari hii kwa sharti hilo, na mbele utajua sababu.

Tulisafiri mwezi wa Julai mwaka 2018, kwa kuwa mwezi huo mvua zimekwisha na njia ni kavu. Usiku wa kuamkia safari nilifunga shanta yangu, nikaipima: kilo kumi na sita. Mwenzangu akaitazama, akaniambia, "Ibebe, uzunguke nyumba mara kumi." Nilizunguka mara nne tu. Nikatoa viatu vya pili, nikatoa pasi (naam, nilikuwa nimetia pasi), nikatoa nguo nusu nzima. Ilibaki kilo tisa. Ukitaka kusafiri namna hii, ifanyie shanta yako jaribio lile lile kabla hujatoka, maana nyumbani ukichoka utacheka, lakini njiani utalia. Usiache chandarua, chupa ya maji, sabuni, tochi, na dawa zako kama unazo za kila siku. Mwenzangu yeye alichukua koleo ndogo, waya, na sindano ya kushonea magunia. Nilimcheka. Tulipofika Dodoma mkanda wa shanta yangu ulikatika, naye akaushona kwa sindano ile ile, bila kusema neno.

Tuliweka mapatano juu ya fedha. Kila mmoja alitoa shilingi 200,000, tukazitia katika kibeti kimoja. Mimi niliandika matumizi katika daftari, yeye akashika kibeti na tiketi, kwa sababu mimi hupoteza vitu. Mapatano hayo yalikuwa mazuri. Kasoro yake utaiona.

Tulipanda gari la moshi Dar es Salaam. Nasema gari la moshi kwa mazoea ya wazee, maana moshi wa kuni na makaa ulikwisha zamani, na wengi wenu mtasema treni. Ile ni reli ya kale. Ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Siku hizi, tangu mwaka 2024, ipo na reli mpya ya umeme mpaka Dodoma, na safari iliyotuchukua usiku na mchana imekuwa ya saa chache tu. Ni jambo jema. Ila ukipita upesi huoni sana, na sisi tuliona. Tuliona milima ya Uluguru ikiwa na ukungu nyuma ya Morogoro. Tukaamka nchi imebadilika, majani mabichi hakuna, ni miti ya miiba, mibuyu, na udongo mwekundu: tumeingia Ugogo. Mwanamke mmoja aliyeketi nasi katika behewa alituambia kwamba mbuyu haupandwi na mtu. Mwenzangu akabishana naye kutoka stesheni moja mpaka ya tatu. Kila gari liliposimama, watu walikuja madirishani na kuku wa kukaanga, mayai, karanga na asali katika chupa.

Tulishuka Tabora, tukitaka kuuona mji kwa siku moja. Tabora ndipo njia za wapagazi zilipogawanyika: moja iliendelea magharibi mpaka Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini, Karagwe na Buganda. Hata leo reli inagawanyika papo hapo, ya Mwanza na ya Kigoma. Kuna miembe mingi mno, ingawa mwezi wa Julai tulipata kivuli tu, si maembe. Tuliiona shule ya serikali aliyosoma Mwalimu Nyerere kabla ya kwenda Makerere. Tulikwenda Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, tukaliona tembe walilokaa Livingstone na Stanley kabla ya kuagana mwaka 1872. Tulirudi jioni tumechoka na tumeshiba vumbi.

Mwenzangu alikuwa amekwisha kununua tiketi za kwenda Kigoma. Kabla ya kulala nikamwuliza, "Tunaondoka saa ngapi kesho?" Akaitoa tiketi, akaitazama muda mrefu, akasema, "Saa saba na nusu." Nikalala kwa raha. Asubuhi tukafua nguo, tukanywa chai bila haraka, tukafika stesheni saa sita mchana. Hapakuwa na watu. Mkuu wa stesheni akaishika tiketi, akatikisa kichwa. "Gari hili limeondoka asubuhi, saa moja na nusu. Jingine ni keshokutwa kutwa, siku ya tatu."

Sasa tazama ubaoni. Tiketi iliandikwa 07:30.

Ndugu mwanafunzi, hapo nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Nilimfokea mwenzangu mbele ya watu. Nilisema kwa sauti kubwa, "Wewe mtu mzima, hujui kusoma?" Nilikuwa nimekasirika tu. Sikujua nasema nini. Yeye hakujibu. Aliziweka tiketi na kibeti juu ya benchi kando yangu, akachukua shanta yake, akaondoka kuelekea mjini.

Palikuwa na mama mmoja mzee akiuza karanga chini ya ukuta. Aliniita. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Nayo tiketi hiyo, wewe hukuiona?" Nikasema, "Sikuiona, mama. Aliishika yeye." "Macho unayo?" "Ninayo." Hakuongeza neno, akaendelea kupima karanga zake katika kikopo.

Niliketi pale saa mbili nzima. Kisha nikaenda kumtafuta. Nyumba ya wageni hayuko. Sokoni hayuko. Nilimkuta jioni katika kibanda cha mafundi wa vyuma, amefunika uso kwa kioo cheusi, anachomelea geti la mtu. Alikuwa amewaendea kama fundi kwa mafundi wenzake, akawaomba kazi ya kutwa, apate fedha ya kununua tiketi nyingine. Shilingi 15,000 walimpa. Niliposimama mbele yake hakuacha kazi. Alimaliza kwanza, akaitazama vizuri, ndipo akavua kioo.

Akasema, "Niliacha shule darasa la tatu, baba alipofariki. Tarakimu nazijua, maana futi na mita ndizo kazi yangu. Niliona saba, nikasoma saba. Maneno mengine yaliyomo siyajui hata moja."

Miaka kumi na mmoja! Nilikaa juu ya chuma kilichobaki, mambo yakaanza kunirudia moja moja. Hotelini siku zote alisema, "Niletee kama ya huyu." Kadi za michango ya harusi alinipa nimsomee, akisema miwani ameisahau, na miwani sikupata kumwona nayo hata siku moja. Fomu za karani alizichukua kwenda kuzijaza nyumbani, na mwanawe ndiye aliyezijaza. Yote niliyaona kwa macho yangu, nikadhani ni uvivu.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu, "Ningekuambia, usingenipa tiketi nishike."

Ni kweli, nisingempa. Na mimi ningezitazama mwenyewe kabla ya kulala, kazi ya dakika moja. Kwa hiyo makosa yalikuwa mawili, na langu lilikuwa kubwa zaidi, kwa sababu mimi nilijua kusoma na sikusoma. Nikamwomba radhi. Unajua aliniambiaje? "Umeniomba radhi hapa kibandani. Matusi uliyatoa stesheni."

Kesho yake asubuhi tukaenda stesheni wote wawili. Watu walikuwa wengi, wakingojea gari la Mwanza. Nikasimama pale pale, nikasema kwamba jana nilimtukana ndugu yangu bila haki, na kosa ni langu. Wengi hawakuwapo jana, hawakuelewa habari yenyewe. Mama wa karanga alielewa. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akatupa karanga kikopo kimoja bure. Mwenzangu akazila zote.

Tukawa na siku mbili za kungoja. Tulikaa chini ya mwembe tukaanza na tiketi. Nataka na wewe ufanye kama alivyofanya yeye, basi shika kalamu.

Saa ya Kiswahili tunaihesabu tangu jua kuchomoza. Likisha kuwa juu kwa saa moja, tunasema saa moja asubuhi. Sisi tuko karibu na Ikweta, mchana na usiku wetu hukaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hii inatufaa. Lakini saa iliyoandikwa katika tiketi na ratiba haianzi jua linapochomoza. Inaanza usiku wa manane, ikaendelea bila kurudi nyuma mpaka 24. Kati ya hesabu hizi mbili pana tofauti ya saa sita. Basi ukiona saa kuanzia 07 mpaka 18, toa sita. Saba toa sita ni moja: 07:30 ni saa moja na nusu asubuhi. Kumi na tatu toa sita ni saba: 13:30 ndiyo saa saba na nusu mchana, ile tuliyoidhani sisi. Ukiona 19 mpaka 24, toa kumi na nane: 21:00 ni saa tatu usiku. Na ukiona 00 mpaka 06, ongeza sita: 03:00 ni saa tisa usiku, nayo ndiyo mbaya kuliko zote, maana watu huisoma saa tatu na kufika stesheni mchana gari likiwa mbali. Dakika usiziguse, zinabaki kama zilivyo.

Mwenzangu alielewa kwa dakika kumi. Mtu anayekata chuma kwa hesabu za kichwani hashindwi na kutoa sita. Nakwambia, wapo na waliosoma sana wanaokosea hapo, nami nimewaona. Herufi ndizo zilizomchukua muda. Tulianza na neno lililo ukutani pale stesheni: TABORA. Aligundua mwenyewe kwamba herufi ya pili ndiyo ya mwisho pia. Akaitafuta A katika kila kibao cha mji ule, mpaka watu wakatushangaa.

Siku ya tatu gari likaja, tukapanda. Alikaa dirishani. Ukitoka Tabora kwenda magharibi ni misitu ya miombo, saa baada ya saa, na huko ndiko asali nyingi inakotoka. Misitu hakuitazama sana. Alingojea vibao vya stesheni. Tulipita URAMBO, akapata herufi alizokwisha kuzizoea, akakwama kwenye M. KALIUA ilimfurahisha kwa kuwa ina A mbili. Tulipofika UVINZA, mahali ambapo watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, gari lilisimama. Akasoma pole pole, U, VI, NZA, kisha akalisema zima kwa sauti. Mtoto mmoja aliyekuwa akiuza chumvi chini akajibu, "Ndiyo, mzee, ni Uvinza." Alidhani anaulizwa.

Kigoma nitaipita upesi, ingawa inastahili somo lake. Ziwa Tanganyika lina kina cha kama mita 1,470, na duniani ni Ziwa Baikal tu, kule Urusi, lenye kina zaidi. Jioni jua huzama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya maji. Bandarini tulisikia habari za meli Liemba, ambayo Wajerumani waliileta vipande vipande katika masanduku kwa reli ile ile tuliyopanda, wakaiunga na kuishusha majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, nayo ikaanza tena kazi mwaka 1927. Mwenzangu aliuliza habari za misumari na viungo vya meli hiyo mpaka mabaharia wakachoka.

Jambo jingine alilitambua yeye. Asubuhi ya kwanza alitazama saa yake, akatazama nje, akasema, "Dar es Salaam saa hizi jua limekwisha toka." Ni kweli. Nchi nzima tunatumia saa moja, lakini kwa kuwa Kigoma iko mbali magharibi, jua huchelewa kuifikia kwa kama dakika 40. Mtu aliyeanza kusoma saa juma lile lile ndiye aliyeniambia hayo. Mimi niliyesoma sikuwa nimefikiri.

Tulirudi kwa njia nyingine, kwa mabasi, kupitia Mpanda, Sumbawanga na Mbeya, ambako baridi ya Julai ilitufanya tuvae nguo zote tulizo nazo, na mimi nikazitamani zile nilizoziacha nyumbani. Kutoka Iringa tukateremka Kitonga, tukapita katika mibuyu ya bonde la Ruaha, tukawaona tembo wa Mikumi kutoka dirishani. Daftari lilionyesha tumebakiwa na shilingi 11,400. Tukagawana. Dagaa nililetea nyumbani, kilo mbili.

Mwenzangu alijiunga na darasa la jioni mwaka ule ule. Baada ya miezi mitatu aliacha, akisema kazi ni nyingi. Kazi haikuwa nyingi. Kijana mmoja alimcheka. Alirudi mwaka uliofuata, akamaliza. Tumesafiri tena mara mbili tangu hapo. Tiketi bado anazishika yeye, na usiku kabla ya kulala ananisomea kila neno lililoandikwa, hata jina la mpiga chapa, mara mbili, nami sina ruhusa ya kulala kabla hajamaliza.

Sasa kazi ya kufanya. Andika katika daftari lako saa hizi, na mbele ya kila moja uandike saa yake kwa Kiswahili: 06:15, 09:00, 14:45, 18:30, 20:00, 02:30. Kisha kaeni wawili wawili. Kila mmoja afikiri kwamba kesho anasafiri siku nyingi na huyu aliye karibu naye, aandike sentensi moja juu ya jambo ambalo mwenzake anapaswa kulijua kabla hawajatoka. Mwalimu asikusanye sentensi hizo wala zisisomwe mbele ya darasa. Mpe mwenzako tu asome. Asiyeweza bado kuliandika, amwambie kwa mdomo.

Juma lijalo tutasahihisha zile saa. Kwaherini.